Utani na Umbea wa Darasani Dar es Salaam: Mpaka Uko Wapi?

Mtu mzima akipita nje ya darasa la kidato cha pili wakati wa mapumziko, katika shule yoyote ya sekondari ya kutwa jijini Dar es Salaam, atasikia maneno ambayo kama yangesemwa ofisini yangezaa kikao cha usuluhishi. Mmoja anaambiwa komwe lake linawazibia wenzake ubao, mwingine anaulizwa kama daladala la kwao Chanika hulala njiani, na binti aliyeongoza katika jaribio la Baiolojia anaombwa awagawie wenzake ubongo japo wa kuazima. Wote wanacheka, anayesemwa akiwa miongoni mwao, na kabla kengele haijalia haohao wameuzunguka mfuko mmoja wa mihogo ya kukaanga. Walimu wengine huliona jambo hili kuwa utovu wa nidhamu, na wazazi wengine husema ni utoto utakaopita. Nadhani pande zote mbili hukosea kwa kupima ukali wa neno lililotamkwa, kwa sababu katika utani wa darasani neno kali linaweza lisiache alama yoyote, na neno laini likamfanya mtoto aichukie shule. Kinachofaa kutazamwa ni jibu: kama anayetaniwa analo, kama anaruhusiwa kulitoa, na kama wenzake watalicheka kama walivyocheka lile la kwanza.

Kanuni hiyo mtoto haianzii shuleni. Huijua kwanza nyumbani, pale babu anapomwita mjukuu wake wa kike "mke wangu" na bibi akajifanya kuona wivu, au pale binamu, mtoto wa mjomba, anapoingia jikoni na kufunua sufuria bila kuomba, na hakuna anayenuna. Mtoto huyohuyo hathubutu kumfanyia baba yake mzaha wa aina hiyo. Anapoanza kidato cha kwanza, kwa hiyo, tayari anafahamu kwamba mzaha una watu wake na kwamba kumkosea mtu wa mzaha si sawa na kumkosea mtu wa heshima. Mwanaanthropolojia wa Uingereza A. R. Radcliffe-Brown, aliyeandika juu ya mahusiano ya utani mwaka 1940, aliyaeleza kuwa ni mahusiano ambamo mtu anaruhusiwa, na pengine analazimika, kumfanyia mwenzake kejeli, na mwenzake analazimika kutochukia. Alitenganisha pia utani wa pande mbili, ambamo kila mmoja humrudishia mwenzake, na utani wa upande mmoja, ambamo anayetaniwa hujibu kidogo tu au hajibu kabisa. Wengi wanaozungumzia utani wa shuleni huutaja ule wa kwanza, na hali wanachokitetea mara nyingine ni huu wa pili.

Utani wa makabila nao una sharti ambalo watu hulisahau. Wangoni na Wahehe, waliopigana vita vikali katika karne ya 19, ni watani hadi leo. Wanyamwezi na Wazaramo walizoeana kupitia misafara ya biashara iliyotoka Tabora kushuka pwani, ambako mgeni aliyechoka alihitaji mtu wa kumpokea. Mtani alikuwa na ruhusa ya kukutukana na hata kukuchukulia kitu bila kuitwa mwizi, lakini msiba ulipoingia nyumbani kwako yeye ndiye aliyefika mapema, akabeba kazi nzito za mazishi, huku akilizuia jeneza njiani na kudai alipwe kwanza ndipo maiti apite. Ruhusa ililipiwa kwa wajibu. Wanafunzi wengi wa jijini hawajui kabila lao lina watani gani. Wengine wamefika kijijini kwao mara chache, wakati wa Krismasi au wa kuzika. Darasani, basi, kila kabila limekuwa mtani wa kila kabila: Mpare huambiwa angeuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, Mhaya huombwa aache kujisifu walau hadi saa nne, na Mchaga hukabidhiwa fedha za mchango kisha zikahesabiwa mbele ya darasa zima mara mbili. Kwa mtazamo wangu darasa limechukua ruhusa yote ya utani wa wazee na kuacha sehemu ya wajibu. Sehemu hiyo haikupotea yote, hata hivyo. Mwanafunzi akifiwa na mzazi, mara nyingi wanaopita dawati kwa dawati kukusanya rambirambi ni walewale waliokuwa wakimwandama kwa maneno, na ndio wanaopanda daladala wakiwa katika sare zao kwenda kukaa naye.

Uwanja ulio salama kuliko wote ni mpira, na sababu yake inafundisha. Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba mabao 5–1, na kwa watani hawa wa jadi hakuna aliyehitaji kusema neno siku iliyofuata, kwa maana kiganja kilichofunguliwa chenye vidole vitano kilitosha kuwa salamu. Hata hivyo mwanafunzi wa Simba hakuwa mikono mitupu. Alikuwa na mabao 5–0 ya tarehe 6 Mei 2012, ambayo nayo yaliangukia Jumapili, na akibanwa zaidi alikuwa na 6–0 ya mwaka 1977. Mtoto aliyekuwa kidato cha pili mwaka 2023 alikuwa hata hajaanza shule ya msingi ile Mei ya 2012, na huenda baba yake mwenyewe alikuwa mdogo au hajazaliwa mwaka 1977, lakini deni la mabao hurithiwa, na kila upande una daftari lake. Anayeitwa "Utopolo" leo amemwita mwenzake "Kolo" jana, na msimu ujao unaweza kugeuza meza. Hakuna anayekaa chini daima. Utani juu ya umbo la mwili, juu ya kigugumizi au juu ya viatu vilivyochanika hauna mechi ya marudiano, na kwa hiyo hauwezi kutetewa kwa kusema kwamba darasa zima hutaniana kuhusu mpira.

Utani wa mitaa uko katikati ya hayo mawili. Aliyelelewa Masaki au Mikocheni huitwa "mtoto wa geti kali", kwa maana ya mtoto aliyekua nyuma ya ukuta bila kujua fungu la mchicha linauzwa bei gani. Wa Mbagala huulizwa alipita Rangi Tatu saa ngapi hata akafika mstarini akiwa amenyooka sare. Wote wawili wana la kujibu, maana jiji zima linakubali kwamba ushuani kuna upweke wake na uswahilini kuna raha zake. Mambo hubadilika pale maneno yanapotoka kwenye mtaa na kuingia mfukoni mwa mtu: nani hanunui chochote saa ya mapumziko, nani ametembea kwa miguu kwa sababu nauli ya wanafunzi, ndogo ilivyo, imekosekana. Umaskini wa nyumbani hauna jibu la kuchekesha ambalo mtoto anaweza kulitoa kwa hiari yake, na wanafunzi wenyewe hulijua hili, kwa sababu mara nyingi anayeligusa huambiwa mara moja na wenzake kwamba "hapo umezidi".

Majina ya utani yanahitaji maelezo machache tu. Mrefu huitwa Twiga, mpole huitwa Mchungaji, anayeongoza mitihani ni Kipanga, na walimu wana yao ambayo hayatajwi hapa. Kipimo cha jina ni mwenyewe: akiliandika kwa mkono wake juu ya daftari lake, au akataka liandikwe kwenye shati lake siku ya kumaliza kidato cha nne, jina hilo ni lake. Akiitika huku ameinamisha macho, kuitika kwake si kukubali.

Kuna aina moja ya kicheko ambayo naiona inafanya madhara makubwa kuliko watu wazima wanavyodhani, nayo ni ya kumcheka aliyechapia, yaani aliyekosea lugha. Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia sekondari, na kidato cha kwanza cha shule nyingi za Dar es Salaam huwakutanisha watoto waliosoma shule za msingi za serikali, zile zinazoitwa "Kayumba", ambako masomo hutolewa kwa Kiswahili, na watoto waliotoka shule za binafsi walikofundishwa kwa Kiingereza tangu chekechea. Mwalimu anauliza swali la Historia. Mtoto wa Kayumba anasimama, jibu analijua barabara kwa Kiswahili, anakosea kitenzi kimoja, na darasa linalipuka. Kosa lake hurudiwa uwanjani, hurudiwa kwenye foleni ya maji, na likiwa na mlio mzuri linageuka kuwa jina lake. Kwa sura ya nje huu ni utani kama ule wa Simba na Yanga. Tofauti ni kwamba aliyechapia hawezi kurudisha, kwa kuwa jibu lingepaswa kutolewa kwa lugha ileile iliyomwangusha, na anayemcheka hana udhaifu wa namna hiyo unaojulikana kwa wote. Njia pekee iliyobaki ya kujilinda ni kunyamaza. Wiki chache baadaye mwalimu anaandika kwenye ripoti kwamba mwanafunzi hashiriki darasani, na mzazi anaelezwa kwamba mtoto ni mzito wa kuelewa.

Walimu wenye busara wamepata dawa zao. Wapo wanaoruhusu jibu litolewe kwanza kwa Kiswahili, kisha darasa zima likashirikiana kulitafsiri, hivyo kosa likawa la wote. Wapo wanaokiri mbele ya wanafunzi makosa yao wenyewe ya Kiingereza, na kwa kufanya hivyo huwapa wanafunzi kitu cha kuwatania nacho. Hiyo ni zawadi kubwa zaidi kuliko inavyoonekana, kwa sababu pale mwalimu mwenyewe anapoweza kuchapia, kuchapia kunaacha kuwa alama ya Kayumba.

Umbea ni jambo jingine, ingawa huenda pamoja na utani. Utani husemwa usoni. Umbea husemwa juu ya asiyekuwepo. Kwa sababu hiyo wazee wengi huuona wote kuwa ni uchafu, lakini ukiusikiliza kwa makini utagundua kwamba sehemu kubwa haina sumu. Watafiti wa Marekani Megan Robbins na Alexander Karan, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, walichambua mazungumzo ya watu 467 waliovaa vinasa sauti, wakihesabu kuwa umbea kila maneno yanayomhusu mtu ambaye hayupo. Walikuta wastani wa dakika 52 kwa siku, na takriban robo tatu ya maneno hayo hayakuwa mabaya wala mazuri: ni habari tu. Ubuyu wa darasani, kama wanafunzi wanavyouita umbea, ndivyo ulivyo kwa kiasi kikubwa. Fulani amehamia Bunju na sasa anaamka saa kumi alfajiri; kiranja wa bweni la shule jirani ni dada yake Mchungaji; mwalimu wa Fizikia ameonekana Kariakoo akinunua koti, kwa hiyo huenda anaoa. Mtoto anayekua katika jiji la mamilioni ya watu anahitaji kujua wenzake ni akina nani, nani ndugu wa nani, nani ana shida gani, na hakuna somo linalomfundisha hayo.

Max Gluckman, mwanaanthropolojia aliyezaliwa Afrika Kusini, alieleza mwaka 1963 jambo ambalo kila mwanafunzi aliyewahi kuhamia shule mpya ameshalionja: haki ya kusengenya ni alama ya kuwa mwenyeji. Mgeni aliyehamia kutoka Morogoro katikati ya muhula anasikia majina, lakini hajui kwa nini likitajwa neno "ngazi" kila mtu anashika mdomo. Akidiriki kusema jambo baya juu ya mwanafunzi ambaye wenyeji wamekuwa wakimsema tangu asubuhi, watamgeukia yeye, kana kwamba amemtukana ndugu yao. Siku atakapovutwa pembeni na kuambiwa, "Njoo nikumwagie ubuyu, ila usinitaje," atakuwa amepokelewa. Anayetengwa hunyimwa vitu viwili kwa pamoja: hasimuliwi habari za wenzake, wala hakuna anayethubutu kumtania. Mzazi anayefurahi kwamba mtoto wake hataniwi na mtu yeyote anafaa kuuliza zaidi.

"Usinitaje" ndiyo sheria ya kwanza ya umbea, na kuvunjwa kwake huleta kile wanafunzi wanachokiita kumweka mtu kati. Anayesemwa, akishapata fununu, humkusanya aliyesema na aliyeleta neno, mbele ya mashahidi, na kila mmoja hutakiwa kurudia alichokisema. Ni kivuli cha desturi ya mitaani ya kusuta, ambapo mbea huendewa hadi mlangoni, pengine kwa ngoma na matarumbeta, ili aaibike mbele ya majirani. Walimu wa nidhamu hukimbilia kuvunja makundi hayo, na inaeleweka, kwa maana yanaweza kuishia kwa ngumi. Lakini lazima isemwe pia kwamba kumweka mtu kati humrudishia anayesemwa kitu alichonyang'anywa na umbea, yaani nafasi ya kujibu, na uongo mwingi wa darasani hufia papo hapo kwa sababu hakuna anayetaka kuurudia mbele ya mwenyewe.

Ubuyu wenye soko kuliko wote ni wa mapenzi. Majina mawili yakifuatana wakati mwalimu anaita mahudhurio, darasa zima linakohoa. Mvulana akimwazima msichana kalamu, marafiki zake wanaanza kumwita yule binti "shemeji", naye akikana kwa nguvu mno inakuwa ushahidi. Mara nyingi huu ni mchezo wa kupima maji: kundi linasema kwa sauti kile ambacho wawili wenyewe hawajathubutu, na kama hakuna kitu, wiki ijayo shemeji anakuwa mwingine. Tatizo ni kwamba mzani haujasimama sawa. Mvulana anayehusishwa na wasichana watatu huongezewa sifa, ilhali msichana anayehusishwa na wavulana watatu huharibiwa jina, na hata nusu ya uvumi huo ikifika nyumbani anaweza kufungiwa ndani. Kwa miaka mingi uvumi wa ujauzito ulikuwa na uzito wa pekee, kwa sababu msichana aliyebainika kuwa mjamzito aliondolewa shuleni. Ni Novemba 2021 ndipo serikali ilipotangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu hiyo wanaweza kurudi katika mfumo rasmi. Neno ambalo kwa mvulana ni mzaha wa nusu saa lilikuwa linaweza kumgharimu msichana masomo yake yote, na fikra iliyojengwa na hali ile haijaondoka kwa tangazo moja.

Uonevu una sifa zinazojulikana. Mwanasaikolojia Dan Olweus, aliyetumia miongo kadhaa kuuchunguza katika shule za Norway, aliutambua kwa mambo matatu: kuna nia ya kudhuru, unarudiwarudiwa, na anayefanyiwa hana nguvu sawa na anayemfanyia. Jambo la tatu ndilo lile la jibu nililoanza nalo. La kwanza, yaani nia, ndilo linaloleta ubishi ofisini kwa walimu, kwa sababu kila anayeitwa husema hakukusudia. Mara nyingi husema kweli. Justin Kruger na wenzake walionyesha mwaka 2006 kwamba anayetania huamini nia yake njema inaonekana waziwazi, wakati anayetaniwa huiona kidogo sana. Mtaniaji anajua moyo wake, mtaniwa amebaki na maneno tu. Kwa hiyo "nilikuwa natania" inaweza kuwa kweli tupu na bado isiponye kitu, na mwalimu anayeishia kuchunguza nia hawezi kufika mbali.

Simu zimeongeza uzito wa swali hili. Shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuja nazo, lakini jioni kundi la WhatsApp la darasa linaamka, na kinachosemwa humo hakina sauti, hakina tabasamu, hakina kile kisukumo cha bega kinachoeleza kwamba ni mzaha. Ubuyu wa mdomo ulikuwa unachakaa ifikapo Ijumaa. Picha iliyopigwa kutoka kwenye skrini haichakai, na husafiri hadi shule ambazo anayesemwa hana rafiki hata mmoja wa kumtetea. Wanafunzi wachache wanajua kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumtumia mtu ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza kihisia, na kwamba adhabu yake ni faini au kifungo. Singependa mtoto wa miaka 15 apelekwe polisi kwa sababu ya picha ya kuchekesha. Ningependa aijue sheria hiyo kabla ya kubonyeza, na aijue kutoka kwa mwalimu wake wa Uraia.

Mwalimu wa darasa ndiye aliye karibu zaidi na haya yote, na anaweza kuyashughulikia bila kuwafunga wanafunzi midomo. Akiletewa kesi ya utani, swali la kwanza la kumuuliza kila shahidi ni "Naye alimjibu nini?" Wakijibu wote kwa mkupuo, huku wakianza kucheka upya kwa kukumbuka, awaachie waende kipindini. Wakitazamana na kusema hakujibu kitu, aulize kama aliwahi kujibu siku yoyote nyingine, na aangalie ni nani waliokaa karibu naye darasani, kwa sababu kumhamishia dawati moja na rafiki mwenye ulimi mwepesi kunaweza kufanya zaidi ya viboko au barua ya onyo. Aliyeumizwa asilazimishwe kusimama mbele ya darasa kupokea samahani. Hilo humrudisha palepale alipochekewa. Na anayeongoza kicheko, ambaye kwa kawaida ni mtoto mwenye kipaji halisi cha maneno, apewe kazi ya kuongoza mdahalo wa shule, mahali ambapo kila anayemshambulia mwenzake kwa maneno lazima akae chini na kumsikiliza akijibu kwa dakika zilezile.